Barua ya Kujieleza

Arobaini ya Bi Kidawa ilisomwa Jumapili iliyopita Tandika, kwenye nyumba ileile ya korido ndefu, na mie nilikwenda kwa sababu mama alisema, Tatu, usipokwenda watu watauliza. Kwa hiari yangu nisingekwenda. Nilijua nitamkuta Mwaju, mjukuu wa marehemu, niliyekaa naye dawati moja kidato cha tatu chote na miezi michache ya kidato cha nne, na ambaye sikuwa nimemtia machoni kwa miaka minne. Yeye yuko Kimbiji kwa shangazi yake, mie niko Yombo kwetu, na ukitoka asubuhi unafika na kurudi siku hiyohiyo. Kwa hiyo si umbali. Nilipovua kandambili mlangoni nilisikia kicheko chake kikitoka uani, kikavu kidogo kuliko zamani lakini chake, na nikawa kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Nina miaka ishirini na moja. Nilisimama pale koridoni, nimeshika ukuta wa kijani chini na mweupe juu, nikijifanya natafuta pa kuweka viatu.

Mwaka ule wa kidato cha nne nilikuwa naandika kila siku kwenye kaunta buku, daftari lile nene la jalada gumu, kwa Kiswahili, maana mambo ya kweli sikuyaweza kwa Kiingereza. Nimelifungua wiki hii. Nilidhani nitakuta majuto. Nimekuta zaidi maksi: nani kapata ngapi, mie nimepata ngapi, madam kasema nini juu yangu. Darasani tulikuwa sabini na kitu, na Kiingereza kwetu kilikuwa kama mvua ya mtaa wa pili, tunaisikia inavyopiga mabati ya wenzetu huku kwetu vumbi. Mie kilinikubali kwa sababu moja tu: nilikuwa muoga wa kuongea, na kuandika hakutaki sauti. Mwaju alikuwa kinyume changu. Alikuwa anaongea na kila mtu, mlinzi, mwalimu mkuu, muuza mihogo, na hesabu alikuwa anazila kama karanga, lakini ukimpa karatasi umwambie andika sentensi tatu za Kiingereza, anakaa anachora maua pembezoni. Tulikuwa na makubaliano ambayo hatukuwahi kuyatamka. Yeye alikuwa mdomo wangu, mie mkono wake. Kwenye mihogo aliagiza ya wawili. Kwenye mazoezi ya Kiingereza niliandika ya wawili, ya kwake nikiyatia makosa mawili matatu yasifanane na yangu.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa Madam Sekela, mama mmoja mwembamba kutoka Mbeya ambaye hakuwahi kuchapa mtu, na labda ndiyo maana tulimsikiliza. Mwanzoni mwa mwaka alitangaza kuwa swali la barua ni swali la kuokota maksi, na kinachowaangusha wengi si maneno, ni toni. Akachora ubaoni watu wawili, mmoja kakaa kwenye kiti, mwingine mkekani. Akasema kabla hujashika kalamu jiulize, unaandika kwenda juu, unaandika kwa mwenzio, au unaandika kwenda chini? Kwa rafiki unaruhusiwa kuuliza hali, kumsalimia mdogo wake, kuzunguka unavyotaka. Kwa mkuu wa shule unaingia moja kwa moja, jambo lako mstari wa kwanza, humuulizi kaamkaje. Darasa lilicheka. Mwaju akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiswahili, kitu ambacho kilikuwa kosa, kwamba sasa madam, mtu mzima unamwandikia bila hata shikamoo? Madam Sekela akamjibu kwa Kiswahili vilevile, "Shikamoo ya Kiingereza ni kutompotezea mtu muda wake." Nimeiandika sentensi hiyo kwenye daftari na kuipigia mstari mara mbili.

Kisha akatufundisha barua ya kuomba radhi, na hii ndiyo niliyoishika kuliko zote. Alisema ina aya tatu. Ya kwanza unalitaja kosa lako wazi, bila kulizungusha. Ya pili unaeleza sababu, bila kumtupia mtu mwingine lawama. Ya tatu unaahidi hutalirudia. Anayeomba radhi huku anajitetea hajaomba radhi, kaleta ubishi. Zoezi lilikuwa kumwandikia mkuu wa shule kuomba radhi kwa kuchelewa. Nilipata kumi na tisa kati ya ishirini. Maksi moja aliikata kwa sababu niliandika, kwa Kiingereza bila shaka, kwamba naomba radhi kama nimekukosea. Neno "kama" alilizungushia wino mwekundu, na pembeni akaandika kuwa hilo ni jeuri. Aliyekosa anajua amekosa. Barua yangu akaisoma mbele ya darasa. Nililaza kichwa juu ya dawati kwa aibu, na Mwaju akawa anapiga dawati kwa ngumi karibu na sikio langu, akinong'ona, "Inuka bwana, wakuone." Sikuinuka. Lakini kwenye daftari, usiku ule nimeandika kurasa mbili.

Mwezi wa pili tulipewa mtihani wa kwanza wa majaribio. Utaratibu wa shule ulikuwa mabegi yote yanabaki nje, yanapangwa chini ya ukuta, ndani unaingia na kalamu na rula tu. Tukiwa katikati ya karatasi ya bailojia, simu ikaita huko nje. Ilikuwa mlio wa kitochi, simu zile ndogo za vitufe, ule wa kupanda na kushuka, na ikaita mpaka ikakata, ikaanza tena. Watu wakaanza kucheka chinichini. Mwalimu wa nidhamu alitoka, tukamwona dirishani anainama begi hadi begi kama daktari anayetafuta ugonjwa, mpaka akafika kwenye begi jeusi la Mwaju. Lile begi zipu yake ilikuwa imekufa tangu kidato cha pili, lilikuwa linakaa wazi mdomo muda wote, na mtu yeyote aliyepita pale angeweza kutumbukiza kitu akiwa anatembea. Simu ilikuwa mle. Mwaju aliposimamishwa alisema si yake. Alisema kwa utulivu, tena alitabasamu kidogo, maana ndivyo alivyokuwa, akidhani jambo lenyewe ni la kumalizwa kwa maneno mawili. Mwenye simu hakujitokeza, na mpaka leo hajulikani. Mwalimu wa nidhamu akasema mtuhumiwa wa simu wa kidato cha nne haletewi mjadala: aende nyumbani, Jumatatu arudi na mzazi na barua ya kujieleza, na barua iwe ya Kiingereza, maana yeye si mtoto wa darasa la tatu.

Kila mtu alijua uzito wake. Majina ya watahiniwa yalikuwa hayajapelekwa, yalikuwa yanakwenda baada ya wiki mbili, na ambaye jina lake lisingekuwepo kwenye orodha hiyo hakuwa na mtihani wa kidato cha nne mwaka ule. Kila kitu cha Mwaju kilikuwa kimewekwa kwenye mtihani huo. Bi Kidawa alikuwa amekwishawaambia wapangaji wenzake kwamba mjukuu wake atakuwa nesi, na wao walikuwa wanamwita Mwaju "nesi" kwa utani ambao hata yeye mwenyewe alikuwa anauitikia.

Jumamosi nikaenda Tandika. Bi Kidawa alikuwa na chumba kimoja upande wa kushoto wa korido, kitanda kimejaa robo tatu ya chumba, kabati la vyombo vya kioo ambavyo sikuwahi kuona vikitumika, na pazia la maua lililotenganisha kitanda na mkeka. Harufu ya dengu na kitunguu ilikuwa imeingia mpaka kwenye mashuka, kwa kuwa alikuwa anakaanga bagia barazani kila alasiri. Siku hiyo alikuwa hajakaanga. Alikuwa amepika wali wa nazi na mchicha, na dagaa wa kukaanga kwa pilipili, chakula cha mgeni, nikaelewa kuwa mgeni ni mie na nimeitiwa kazi. Tulikula. Kutoka chumba cha mbele tulimsikia Mama Salha, mpangaji mwenzake, akizungumza na mtu kwa sauti ya kutaka kusikika, kwamba mtoto wa kike akikutwa na simu usiulize kainunuaje, uliza kapewa na nani na kwa kazi gani. Bi Kidawa akatafuna, akameza, akasema, "Mwache. Kinywa jumba la maneno." Mwaju akawa anachambua dagaa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kumwona hana la kusema.

Tulipoosha mikono bibi akaniwekea karatasi mbili za mistari mbele yangu, na akanieleza barua iweje. Mwaju alitaka iandikwe kuwa simu si yake na begi lake halina zipu. Ilikuwa hivyo tu, na ilikuwa kweli. Bibi akakataa. Nakumbuka maneno yake kwa sababu niliyaandika nilipofika nyumbani. "Mkubwa haambiwi sikufanya. Ukimwambia sikufanya umemwambia muongo. Mkubwa anaombwa radhi. Akipoa moyo, haki yako mwenyewe ataiona." Akasema nianze na salamu, niulize hali za walimu na watoto wao, niseme sisi ni watoto wenu, mmetulea nyie, kama kuna kosa lolote tumelitenda kwa kujua au kwa kutojua basi mtusamehe, ujana una mambo. Ndivyo mtu anavyosema anapokwenda kuaga safari, au kuomba mchumba, au kumaliza ugomvi ambao hakuuanza. Anaomba radhi kwa yote na hakuna anayemshika kwa lolote. Mwaju mwenyewe alilijua hilo, akainama, akakubali.

Mie nikachukua maneno ya bibi nikaanza kuyafikisha kwenye Kiingereza, na hapo ndipo nilipoharibu. Sikuharibu kwa kutojua. Niliharibu kwa kujua. Salamu nikazitoa, barua inakwenda juu. Hali za watoto wa walimu nikazitoa. Ikabaki radhi, na radhi ina aya tatu. Aya ya kwanza nikaandika kwamba mimi mwanafunzi niliyetajwa naomba radhi kwa kukutwa na simu shuleni kinyume cha kanuni. Nilipofika pale bibi aliposema "kama kuna kosa," kalamu yangu ilisimama. Nililiona duara la wino mwekundu wazi kabisa. Nikaliruka lile "kama." Aya ya pili ilitaka sababu, na bibi alikuwa amesema ujana, basi nikaandika kuwa nilishindwa na vishawishi vya ujana na simtupii mtu yeyote lawama. Aya ya tatu nikaahidi halitatokea tena. Mwisho nikaweka mwanafunzi wako mtiifu. Niliisoma mara mbili na, Mungu anisamehe, niliipenda. Ilikuwa inateleza. Nilifikiria vile Madam Sekela angeisoma.

Mwaju akainakili kwa mwandiko wake, taratibu, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Alipofika kwenye neno refu la vishawishi akaniuliza maana yake nini hapa. Nikamwambia, "Nimeomba radhi tu, kama bibi alivyosema." Akasema poa. Akaendelea. Yupo mtu ndani yangu ambaye tangu siku hiyo anairudia dakika ile, anasimamisha kalamu ya Mwaju na kumwambia lile neno linasema umefanya. Wakati ule hakuwepo. Wakati ule nilikuwa naangalia kama pambizo imenyooka.

Jumatatu nilimwona Bi Kidawa kwa dirisha la darasani, amekaa kwenye benchi nje ya ofisi, kavaa baibui la Idi na viatu vya kufunika. Barua aliishika ndani ya mfuko wa nailoni isijikunje, na mapajani alikuwa na bagia zilizofungwa kwenye gazeti, moto bado, gazeti limelowa mafuta, kwa sababu mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Karani alimwonyesha aziweke pembeni. Hakuziweka. Waliingia yeye na Mwaju kipindi cha pili kikiwa kinaanza, na kabla kipindi hakijaisha walikuwa wametoka. Mwaju akaja darasani kuchukua daftari zake, akaniambia, "Wamesema nikae nyumbani kwanza." Lile "kwanza" tulilishikilia wiki mbili. Nilikuwa napita Tandika na daftari zangu ili anakili, na bibi alikuwa ananipa bagia nne kila nikifika, ananiambia walimu watamwita tu, barua ile haiwezi kupita bure.

Orodha ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo siku ya Alhamisi. Jina langu lilikuwepo. Kati ya Mwajabu na Mwanahawa, pale ambapo jina kamili la Mwaju, Mwajuma, lingekaa, hapakuwa na kitu. Nilisoma kutoka juu mpaka chini na kutoka chini mpaka juu, kisha nikaenda kukaa darasani, kwenye dawati letu, katikati, nafasi zote mbili zangu. Mchana Madam Sekela akaniita nje, kwenye kivuli cha tangi la maji. Alikuwa ameshika daftari za wanafunzi na hakuniangalia usoni. Akaniambia alikuwa kwenye kamati ya nidhamu, na barua ile ilipofika aya ya kwanza alijua ni mkono wa nani. Akasema, "Aya tatu. Mie ndiye niliyezifundisha. Lakini ile ni ya mtu aliyekosa, Tatu. Huyu aliambiwa ajieleze." Akauliza kwa nini sikumuuliza, hata kwa ujumbe, hata kwa mtu. Nikataka kumuuliza na yeye kwa nini hakusema pale kamatini, na nadhani aliliona swali, kwa sababu alilijibu: angesema, wangetoka wawili. Kumwandikia mwenzako barua ya nidhamu nalo ni kosa, lina adhabu yake. Akaondoka na daftari zake. Sijawahi kujua kama alinihurumia au alikuwa anajieleza na yeye.

Siku iliyofuata nilikwenda ofisini kusema. Hili sijamwambia mtu. Mlangoni palikuwa na kibao kinachosema ukiingia hapa unaongea Kiingereza. Usiku mzima nilikuwa nimepanga sentensi, na nilizipanga vizuri: mkuu wa shule, barua ya Mwajuma niliandika mimi, maneno si yake, simu si yake. Zilikuwa sentensi tatu fupi. Nikasimama pale mlangoni nikihesabu vigae. Karani akainua kichwa akasema "Yes?" Nikafungua mdomo, na sentensi zikaanza kujipanga upya kichwani, je naanza na kuomba radhi, je nasema kwa kujua au kwa kutojua, je hii ni barua ya kwenda juu, na nikasikia sauti yangu inaomba chaki. Akanipa mbili. Nilirudi nazo darasani nikaziweka kwenye ukingo wa ubao. Ningekuwa na mdomo ningesema. Lakini mdomo wangu ulikuwa Tandika, kwenye chumba cha bibi, unanakili daftari zangu za bailojia.

Mwezi wa nne Mwaju akapelekwa Kimbiji. Bibi alisema ni kwa muda, akapumzike na maneno ya watu, maana Mama Salha na wenzake walikuwa hawajamaliza mjadala wa simu na aliyeitoa. Sikwenda kumuaga. Daftari linasema nilikuwa na homa. Sikuwa na homa. Mtihani nikaufanya mwezi wa kumi na moja, Kiingereza nikapata B, na mama akachinja kuku. Barua niliyoandika kwenye mtihani ule siikumbuki hata ilikuwa kwa nani.

Basi, Jumapili, nikiwa koridoni, Mama Salha akaniona na kunivuta uani kwa mkono. Dua ilikuwa imekwisha, wanaume wamekula na kuondoka, kina mama wamekaa mikekani na sinia za mwisho za pilau. Alikuwa amezeeka ghafla, au mimi nilikuwa sijawahi kumtazama. Akanitambulisha kwa waliokuwepo kama yule aliyesoma na Mwaju, na hapo hapo akaanza simulizi ambayo ilionekana wote wanaijua, maana walikuwa wanaitikia kabla hajamaliza. Kwamba marehemu, Mungu amrehemu, mpaka anakata kauli alikuwa anasimulia barua ya mjukuu wake. Kwamba mkuu wa shule mwenyewe, kwa kinywa chake, alisema wako walimu wake hawawezi kuandika Kiingereza cha vile. Mtoto kaomba radhi kwa lugha ya mabwana, na wao wakakataa. Basi ni husuda tu, nini kingine. Mama huyohuyo aliyewahi kusema simu ilitoka kwa mwanaume alikuwa sasa anaapa kwa husuda. Mwaju alikuwa amechuchumaa kwenye beseni la vyombo, mgongo kwetu. Amenenepa kidogo mabegani, mikono ina madoa ya kuungua mafuta. Aligeuka, akaniona, akasema, "Tatu. Njoo unisuuzie."

Nikachuchumaa. Tulisuuza sahani labda kumi, nikisikia wenzetu nyuma wakihamia habari za bei ya mchele. Kisha nikamwambia. Nilimwambia kwa Kiswahili, bila mpango, kwamba barua ile ilisema amefanya, na kwamba nilijua, au nilipaswa kujua. Akasema anajua. Waliisoma kamatini mstari kwa mstari kwa Kiswahili, bibi aelewe. Bibi alielewa kuwa mtoto kaomba radhi vizuri, basi. Wao ndio waliosema kakiri. Mwalimu wa nidhamu alimuuliza mara mbili, hii umeandika mwenyewe? Na mara zote mbili Mwaju alisema ndiyo.

Nikamuuliza kwa nini. Nakiri nilikuwa nataka jibu fulani. Nilitaka aseme alinilinda. Alitikisa sahani, maji yakamwagika.

"Ningesema barua siyo yangu, wangenipa karatasi," akasema. "Kaa hapo, andika yako. Na bibi amekaa pale na bagia zake, kashawaambia watu Tandika nzima kuwa naongea Kiingereza. Wala sikukufikiria wewe, Tatu. Nisikudanganye."

Nikamwambia kuna mtihani wa watu wa kujitegemea, anaweza kujisajili, cheti cha kidato cha pili anacho. Akasema anajua. Akasema hesabu angeshinda hata leo, lakini Kiingereza ni kilekile, na Kimbiji saa kumi alfajiri yuko kwenye maandazi. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekuonyesha njia ambayo daraja lake limebomoka siku nyingi, na watu wamekwishazoea kuzunguka.

Tulipopeleka vyombo, shangazi yake, mama mnene mwenye sauti ya upole, alinishika mkono akanikalisha. Alikuwa na dukuduku lake. Kule Kimbiji ufukweni wamefungua hoteli ndogo ya wageni, wanatafuta binti wa mapokezi, mishahara wanalipa kweli, na wanachotaka ni barua ya maombi ya Kiingereza tu. Mwisho wa kupokea ni kesho. Mwezi mzima anamwambia Mwaju aandike, Mwaju anasema ataandika. Mtoto ambaye barua yake ilisifiwa na mkuu wa shule. Uvivu gani huo? Akatoa kwenye pochi karatasi ya mistari na kalamu, akaviweka mkekani kati yangu na Mwaju. "Wewe msomi mwenzake, mwambie. Wasomi wawili leo mko hapa, aandike sisi tukiona."

Kina mama wakageuka kutuangalia. Nikamnong'oneza Mwaju kuwa nitaiandika mimi nyumbani, nimtumie kwenye simu, ainakili. Akanijibu bila kusogeza midomo, "Halafu wakiniita, wakaongee na nani?" Mama Salha akasema mwacheni mtoto, mnamtia aibu, yeye Kiingereza chake kiko kichwani. Shangazi akawa ananiangalia mimi, anasubiri, na uso wake ulikuwa na heshima ambayo sikuistahili. Nilijua ninachotakiwa kusema ili simulizi ya bibi ibaki kama ilivyo, na nilijua kitamgharimu nani nini. Maneno yalikuja yenyewe, yamenyooka, bila kutetemeka.

"Mwaju anajua kunishinda, shangazi," nikasema. "Barua ya kazi haitaki papara tu. Ataandika akitulia."

Wakaridhika. Mtu mmoja akasema si ndiyo. Mwaju akaichukua karatasi, akaikunja mara mbili, tupu hivyohivyo, akaifunga kwenye ncha ya khanga yake, akainuka kwenda kumwaga maji ya vyombo.